Mke wa Msamaha

Mtaani kulikuwa na mafundi wa makochi kadhaa, lakini ukiulizia nyumba ya fundi wa makochi, wa kwanza kutajwa alikuwa Msamaha. Jina hilo hakuzaliwa nalo. Alipewa na waumini wenzake baada ya kumpokea mkewe aliyekuwa amemtoroka, na kwa kuwa mwenyewe alilipenda, likamganda. Wateja walikuja na makochi yao yaliyobonyea, wakamkuta uani amepiga magoti mbele ya fremu, misumari midogo ameibana kwa midomo, wakamsalimu, "Bwana Msamaha, habari za kazi?" Aliitema kwanza misumari kiganjani, akaifuta, ndipo akajibu kwa upole. Alikuwa mtu mpole kweli. Hilo lisemwe mapema, asije mtu akamdhulumu.

Mkewe alikaa chumba cha mbele, kwenye cherehani, kati ya marobota ya vitambaa na vipande vya sponji vilivyopangwa mpaka kwenye dari. Yeye ndiye aliyeshona mito ya kukalia, akatia zipu, akazungusha mshono wa ukingoni ambao ndio unaomfanya mteja apapase kochi na kutabasamu. Kazi yake ilijulikana. Jina lake halikujulikana. Aliitwa Mke wa Msamaha, na mgeni akiuliza msamaha wa nini, yule aliyeulizwa alivuta kiti karibu, maana alikuwa anapata nafasi ya kusimulia.

Na kisa chenyewe kilikuwa hivi. Binti yao akiwa bado mdogo, hajaanza hata shule, alianza kupita pale mtembezaji mmoja wa vitambaa. Kazi yake ilikuwa kuzungukia mafundi na begi la sampuli. Alikuwa na maneno laini kuliko bidhaa zake. Alimwambia mke wa fundi kwamba mkono kama ule unaoza uani, kwamba mjini kwake angemfungulia duka lake mwenyewe, lenye kioo mbele. Miaka yote iliyofuata mwanamke huyo hakuwahi kujidanganya kwamba ni duka lililomtoa nyumbani. Yule mtu alikuwa akimtazama usoni wakati akizungumza naye, basi. Mumewe siku zile alizungumza na makochi. Asubuhi moja mwanamke huyo alimpeleka mtoto kwa mama mkwe, akasema anakwenda kutafuta zipu, akapanda basi.

Duka halikuwepo. Kulikuwa na chumba kimoja nyuma ya kilabu cha pombe, chenye dirisha linalotazama kreti tupu. Mtembezaji alikuwa anakuja na kuondoka, kisha akawa anaondoka zaidi kuliko kuja, na mke wa fundi alipomwambia kwamba ana mimba yake, alimkumbatia, akamwambia hizo ni habari njema, akaenda kwenye mzunguko wake wa kazi na hakuonekana tena. Mwanamke aliendelea kumsubiri. Mchana mmoja, akiwa bombani anakinga maji, tumbo lilimkata. Mwenye kilabu ndiye aliyemwokota. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kukwaruza, mdomo wake haukuwa na breki. Alimlaza kwenye mkeka wake mwenyewe, akafunga kilabu wateja wakiwa na kiu, akakaa naye mpaka mambo yalipokwisha. Mtoto alikuwa ametoka, hakuwa na uhai.

Alipopata nguvu za kutembea, alirudi kwa mumewe. Hakuwa na hotuba. Alisimama getini na mfuko wake mkononi, amevaa viatu vyake vizuri, kwa maana mwenye kilabu alimwambia kama unakwenda kuchinjwa basi nenda na viatu. Fundi alikuwa anapigilia mkanda kwenye fremu. Akamwona. Nyundo ikashuka chini taratibu. Akaingia ndani, akatoka na kiti, kiti kipya cha mteja ambacho kilikuwa hakijakaliwa na mtu, akakiweka kivulini.

"Keti," alisema. "Umechoka."

Wote wawili walilia. Jioni ile mkewe alimweleza kila kitu, na la mtoto pia, ingawa angeweza kulificha. Hakutaka kuingia tena katika nyumba ile na uongo chini ya kwapa. Fundi alisikiliza ameshika tama. Alipopata sauti alimwambia kwamba hilo la mtoto litabaki pale pale, kati yao wawili na Mungu, halitatoka.

Kama habari ingeishia hapo, ingekuwa habari njema, na mtu asingekuwa na sababu ya kuisimulia kwa uchungu.

Mchungaji alimwomba fundi atoe ushuhuda. Fundi alimuuliza mkewe, naye akakubali. Angekataaje, mtu aliyetoka tu kuokotwa? Jumapili ile ya kwanza mumewe alisimama mbele akashindwa hata kumaliza. Alisema tu kwamba mkewe alipotea, amerudi, na kwamba kama Mungu anawavumilia watu wakaidi namna ile, yeye fundi ni nani. Akakaa chini, machozi yakimdondoka kwenye tai. Kanisa zima lililia. Mkewe alilia kuliko wote, na siku ile hakuona aibu hata kidogo.

Lakini walimwomba tena. Kanisa la jirani likamwita, halafu umoja wa wanandoa, halafu mkutano wa hadhara. Na ni kweli kwamba watu walisaidika. Mwanamume aliyekuwa ameshafunga virago vya mkewe alivifungua baada ya kumsikia Msamaha. Waliokuwa hawasemezani walirudi nyumbani wameshikana mikono. Mkewe aliyaona hayo kwa macho yake, kwa hiyo kila alipotaka kusema imetosha, maneno yalimrudi kooni. Nani angekubali kuwa mtu anayezuia baraka za wengine kwa ajili ya haya zake?

Ushuhuda nao ukawa unalainika mwaka hadi mwaka. Fundi alijifunza wapi sauti ishuke, wapi anyamaze watu wavute pumzi. Viatu vilitoka, akawa mwanamke aliyerudi peku. Kusimama getini kukawa kupiga magoti, na magoti yakawa yanatoka damu. Kisha mwishoni ulikuwa unakuja ule wito: "Simama, mke wangu, watu wauone wema wa Mungu." Naye alisimama. Alisimama katika makanisa ambayo hakujua hata choo chake kiko wapi, amevaa gauni alilochaguliwa, lisilobana wala kung'aa. Wanaume walimtazama kwa udadisi. Wanawake walimtazama yeye, kisha wakawatazama waume zao kuona wanatazama wapi. Halafu makofi yakapigwa, ya mumewe.

Nyumbani hakumpiga, hakumtukana, wala hakumnyima kitu. Ila chumvi ikizidi kwenye mboga, Msamaha alishusha pumzi na kusema, "Haya, tumeshasamehe makubwa kuliko haya." Akichelewa sokoni alimkuta mumewe getini na futi ya kupimia shingoni, anatazama barabara. Mteja wa kiume akifanya mzaha naye akacheka, kutoka uani ilisikika sauti ya mumewe ikianza wimbo wa kanisani. Akajifunza kutocheka. Katika chama cha akina mama alifagia, alipika, alipanga viti. Walipotafuta mtu wa kumfunda bibi harusi, macho yalimruka kama yanavyoruka dimbwi njiani.

Binti yao alikulia humo. Alipokuwa na umri wa kuelewa, alikuwa ameshausikia ushuhuda mara nyingi kuliko hadithi yoyote ya utotoni, na sehemu yake humo aliijua: yeye ndiye yule mtoto aliyeachwa kwa bibi, aliyekuwa akilala na gauni la mama. Akawa msichana mtulivu, mwimbaji wa sauti ya kwanza kwenye kwaya, mwenye adabu kwa mama yake kama mtu alivyo na adabu kwa mpangaji. Alimwamkia, alimwitikia, alimsaidia kukata vitambaa. Zaidi ya hapo hakumpa, na mama hakudai.

Basi ikaja semina ya ndoa katika kanisa kubwa upande wa pili wa mji. Viti vilikuwa vya plastiki vilivyovalishwa nguo nyeupe, mapangaboi yalikuwa yanazunguka juu bila kuleta upepo wowote, na kwaya ya binti yao ilialikwa kuimba. Aliyezungumza kabla ya Msamaha alikuwa muuguzi mmoja, mwanamke mcheshi, aliyewaeleza jinsi alivyomuuguza mumewe aliyepooza siku tatu tu baada ya mume huyo kumtamkia kwamba hamtaki tena. Watu walicheka, wakalia, wakasimama. Ndipo akaitwa Msamaha.

Mkewe, kwenye kiti chake cha mstari wa mbele, alijua mapema kwamba mambo hayaendi. Aliujua ushuhuda ule kama alivyojua mshono. Alijua unapopaswa kuvuta. Peku haikuvuta. Magoti hayakuvuta. Karibu nusu ya watu wale walikuwa wameshamsikia mahali pengine, wakawa wanajipepea kwa karatasi za ratiba. Mzee mmoja alipiga mwayo bila hata kuziba mdomo. Msamaha aliliona lile. Akanyamaza, akafuta paji la uso, akamtupia mkewe jicho, la haraka, kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukata.

"Kuna jambo," alisema kwenye kipaza sauti, "ambalo sijawahi kulisema mbele za watu."

Karatasi ziliacha kupepea.

Akalisema. Alisema mkewe alikuwa na mimba ya yule mwanamume. Alisema ilitoka. Na kwa kuwa kimya kilikuwa kimya cha kweli sasa, na kila uso umeinuka, akaendelea hatua moja mbele. Alisema Mungu kwa uaminifu wake aliiondoa aibu ile mwenyewe, aliisafisha njia, ili yeye aweze kumpokea mkewe bila mzigo wa mtu mwingine. Akasema jina la Bwana libarikiwe. Watu wakaitikia. Wengine walikuwa wameshasimama, mikono juu.

"Simama, mke wangu," alisema Msamaha, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa furaha. "Simama watu wauone wema wa Mungu."

Mkewe hakusimama. Hakukusudia kugoma. Alisikia neno aibu likimzunguka kichwani, na chini yake akauona mkono mdogo aliouona siku ile, mdogo kuliko kifungo cha koti. Mumewe akarudia. Mama aliyeketi pembeni akamgusa bega, akamnong'oneza kwamba anaitwa. Alibaki ameketi, mikono mapajani, akitazama nguo nyeupe ya kiti kilichokuwa tupu mbele yake, mpaka mwongozaji alipoona busara akaiashiria kwaya iimbe. Kwaya iliimba. Sauti ya kwanza ilikuwa na pengo.

Walirudi nyumbani jua bado likiwa kali. Msamaha alimuuliza mara moja tu kama anaumwa, akajibiwa hapana, na baada ya hapo alitembea mbele yao kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe. Yeye ndiye aliyeona ameaibishwa. Aliingia uani akavua koti, akaanza kung'oa kitambaa cha zamani kwenye kochi la mteja kwa nguvu zisizohitajika.

Binti alimfuata mama yake chumba cha mbele. Alisimama kati ya marobota kwa muda, sare ya kwaya bado mwilini, na mama alijiandaa kwa lolote. Alidhani atalaumiwa, na hakuona kama angekuwa na la kujibu.

"Mambo yako yote mimi nimeyasikia kwenye spika," binti alisema. "Hata hili. Nimelisikia pamoja na watu wanaotafuna pipi."

"Nisamehe, mwanangu."

"Usiniombe msamaha." Aliketi juu ya sponji, ikashuka naye. "Alizikwa wapi?"

Katika miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo. Mumewe hakuuliza. Mama akamwambia. Akamweleza kwamba mwenye kilabu alichukua shuka lake jipya, ambalo lilikuwa bado na mikunjo ya dukani, akamfunga mtoto humo vizuri, akachimba nyuma ya ua, mahali ambapo watu hawapiti. Kisha, kwa kuwa hakujua sala yoyote, alisimama pale amejishika kiuno akamgombeza Mungu kwa sauti, akamwambia amtunze huyo mtoto vizuri na mama yake asimguse tena, amemchosha vya kutosha. Binti alicheka kidogo, kisha akafunika uso kwa mikono. Hawakukumbatiana. Hawakuwa wamezoea. Lakini binti hakuondoka chumbani mpaka taa zilipowashwa, na kazi alizosaidia siku ile hazikuwa na haraka yoyote.

Mchungaji wao alikuja siku iliyofuata. Habari zilikuwa zimeshamfikia, tena zikiwa zimetiwa chumvi, kwamba Mke wa Msamaha amemkaidi mumewe madhabahuni. Alikuwa mtu mwema, aliyechoka, mwenye tabia ya kuinama akiketi kama anayeomba radhi kwa kiti. Aliwekewa chai. Msamaha aliketi upande mmoja, mkewe upande mwingine, na mchungaji akaanza kwa mbali, kwa habari za kuwatii wakuu na hila za adui, mpaka akafika alikokuwa anakwenda. Alisema shetani hapendi ushuhuda kama ule. Alisema shetani anataka kuuiba.

"Ushuhuda wa nani, mchungaji?" mwanamke aliuliza.

Mchungaji alisema ni wa familia.

"Basi na mimi niseme wangu. Sijawahi kuusema, na sitaurudia."

Hakupandisha sauti. Alizungumza akiitazama chai ya mchungaji.

"Mnasema nilirehemiwa siku niliyofika pale getini. Si kweli. Nilirehemiwa kule kule. Nilikuwa sijatubu. Nililala kwenye mkeka wa mwanamke muuza pombe, damu inanitoka, na kila mlango uliposikika moyo wangu uliruka, nikadhani ni yule mwanamume amerudi. Sikuomba. Sikumwita Mungu hata kwa jina. Alikuja mimi nikiwa namsubiri mtu mwingine. Sikuona mwanga wala sikusikia sauti, mchungaji, nisikudanganye. Nilijua tu kwamba nimeshikwa, na aliyenishika anajua ninayemsubiri ni nani, na haniachii. Na mtoto hakumwua. Asisingiziwe. Alikaa na mimi nikimlilia. Mtu asisimame tena akasema Mungu aliniulia mtoto ili mume wangu apate nafasi."

Msamaha alikuwa amekodoa macho, na uso wake ulikuwa umemshuka kama wa mtu aliyepigwa na ndugu.

"Kwa hiyo mimi sikufanya kitu," alisema. "Nililala kwenye karakana kwa kushindwa kukitazama kitanda. Watu walinicheka. Mama yangu mwenyewe aliniambia nioe mwingine. Nikakupokea. Kumbe sikufanya kitu."

"Ulifanya," mkewe alimwambia, na hapo ndipo sauti ilipomkatika. "Uliniletea kiti. Siku ile ulinisamehe, na ningekufa leo ningekushukuru kwa siku ile. Lakini kesho yake ukaanza kunisamehe upya. Jumapili ikija unanisamehe tena. Na wewe huwezi kunisamehe tena mpaka kwanza unirudishe kule. Umenirudisha kule mara nyingi kuliko nilivyokwenda mwenyewe."

"Ungependa ningekufukuza?"

Alilifikiria swali hilo kwa haki, kama swali la kweli.

"Kuna siku nilitamani," alisema.

Mchungaji akasema tuombe. Aliomba kwa kuzunguka, akiwagusa wote na asimguse yeyote, akaaga bila kuinywa chai. Mlangoni alimshika Msamaha mkono akamwambia labda apumzike kidogo kutoa ushuhuda, wakati Bwana anaendelea kufanya kazi. Halafu alimgeukia mwanamke kana kwamba ana la kumwambia. Akaishia kumwambia makochi yao ni mazuri.

Mialiko ilikauka. Hakuna aliyetangaza kitu. Simu ziliacha tu kulia. Jina la Msamaha lilibaki mtaani, lakini sasa watu walilitamka na kakitu kando ya mdomo, na yeye, aliyekuwa akilipokea kama kofia mpya, akaanza kuinamia kazi akiitwa. Mama mkwe alifika, akakaa siku nzima, akamkumbusha kila aliyepita kwamba mwanawe alikuwa na uwezo wa kuoa msichana ambaye hajaguswa na dunia. Akina mama wa chama wakagawanyika. Wengine walisema amemvua mumewe nguo mbele za watu, na mmoja, mke wa mwenye duka la dawa, alimjia kwa siri mchana, akalia jikoni kwa muda mrefu, hakusema ni kwa nini, akanawa uso akaenda zake. Gauni lile lisilobana wala kung'aa binti alilikata matambara ya kufutia cherehani bila kuuliza mtu.

Msamaha alijaribu mara moja. Walikuwa wanapima sponji, yeye ameshika ncha ya futi ya chuma, mkewe ameshika ncha nyingine.

"Lile la mtoto," alisema. "Nilikuahidi. Sikupaswa kulisema."

Mkewe alisubiri.

"Ila ujue," fundi aliongeza, "siku ile watu walibarikiwa sana."

Futi ilirudi ndani ya kasha lake yenyewe. Mkewe akaandika vipimo kwa chaki kwenye sponji, akaingia ndani.

Aliendelea kwenda kanisani, na hilo liliwashangaza wengi. Walidhani atahama, au atapoa. Hakuwa na mpango wa kupoa. Aliyemshika kule nyuma ya kilabu hakuwa amemkosea kitu. Alikaa nyuma sasa, karibu na mlango. Aliweza kujiombea mwenyewe, na kumwombea binti, na mwenye kilabu, popote alipokuwa na mdomo wake. Aliweza hata kumwombea yule mtembezaji wa vitambaa, bila joto wala baridi. Alipofika kwa mumewe, maombi yalikwama kama zipu iliyokula uzi.

Alijua tatizo ni nini, na hakulipenda. Alijua kwamba yule aliyekuja kwake bila kuitwa, akiwa hajatubu, akiwa bado anamsubiri mwingine, ndiye huyo huyo anayekaa uani na mwanamume anayebana misumari midomoni, ambaye hajatubu, na ambaye bado anangoja simu ya mwaliko. Mungu hangemwacha. Hiyo ndiyo tabia yake, hana nyingine. Mwanamke aliyeishi miaka yote kwa rehema ile alijikuta hataki imfikie mtu huyu. Alitaka kwanza mtu huyu aumie. Alitaka apige magoti, tena yatoke damu. Jumapili moja, kichwa kikiwa kimeinama kati ya watu, alimwambia Mungu wazi kwamba akitaka kumrehemu mume wake amrehemu mwenyewe, yeye asimtume, kwa sababu hana kitu cha kumpelekea. Alisubiri kukemewa. Hakukemewa. Hilo pia lilimuudhi.

Alirudi nyumbani, akabadilisha nguo. Kulikuwa na kochi kubwa la mteja aliyeahidiwa kesho yake, la kitambaa kizito cha kijivu kisichotaka kukaa sawa, na kitambaa kama hicho hakivutwi na mtu mmoja. Mumewe alikuwa ameshapiga magoti upande wa nyuma, misumari midomoni, anasubiri bila kuita. Mwanamke alipiga magoti upande wa mbele. Akashika ukingo kwa mikono miwili.

"Vuta," fundi alisema kati ya misumari.

Akavuta.